Vijiko vya Kura

Mutheu mwana wakwa,

Umetoka tu hapa mezani saa hii. Umeinama juu ya bega langu, ukachukua kipanya mkononi mwangu bila kusema kitu, ukaanza kupita kwa ukurasa wangu ukiweka kufuli. Kufuli kwa picha ya twiga. Kufuli kwa maneno ya juu. Kufuli kwa nambari ya simu, kufuli kwa zile picha za vijiko ambazo nimezisogeza na kuzisogeza mpaka zikakaa. Kila mahali ulipobonyeza pametokea kikufuli kidogo, cheusi. Ukasema, "Basi. Sasa hakuna kitu itasonga mpaka nirudi Desemba. Ukitaka kuangalia, angalia tu, mwaitu. Usiguse." Halafu umenipigapiga begani vile mtu anapiga mtoto aliyemaliza uji, ukaenda chumbani kupigana na zipu ya sanduku lako.

Mimi nimebaki na hivyo vikufuli tukiangaliana.

Nimeinuka nikaenda kuonja muthokoi, bado mahindi ni magumu. Nimerudi. Nimeinuka tena nikafunga dirisha ambalo halikuwa na shida, nikalifungua. Sasa nimechukua karatasi kwa sababu mikono yangu ikikosa kazi itafanya ujinga.

Kesho unaenda Eldoret kusomea mambo ya umeme. Sitakuandikia habari ya blanketi na ya kuamka mapema. Hayo umeambiwa na kila mtu hapa Wamunyu, hata na wale hawajawahi kulala nje ya Wamunyu. Nataka kukuandikia juu ya huu ukurasa. Najua kwako ni kitu kidogo, ni ya mazoezi tu. Kwangu si kidogo, na nikijaribu kukuambia kwa mdomo nitakasirika ama nitalia, na wewe utasema "sawa, mwaitu", na hautakuwa umesikia.

Hilo neno lenyewe, mwaitu. Wewe unaniita mwaitu, mama yangu, kama watoto wote wa huku. Na mimi nakuita mwaitu, kwa sababu jina nililokupa ni la mama yangu, na mwenye jina la mama ni mama. Mgeni akiketi hapa kwetu akasikia mwaitu huku, mwaitu kule, anashindwa ni nani alimzaa mwenzake. Zamani lilikuwa jambo la kutuchekesha. Tangu ulete hiyo kompyuta limekuwa kweli. Ukiketi hapo kando yangu ukisema "wacha kubonyezabonyeza", hata sauti inakuwa ya mama yangu kabisa, na mimi nakunja mabega kama nina miaka tisa.

Unakumbuka siku ya kwanza? Ulikuwa umemaliza kidato cha nne na yale masomo ya kompyuta kule Masii, na mjomba wako alikuwa amekupa hiyo kompyuta yake ya zamani yenye kitufe kimoja kilichong'oka. Ulikuwa unatengeneza ukurasa wa hoteli. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na ndoo. Niliona unachukua picha ya kitanda, unaivuta, unaiweka kulia. Unachukua maneno, unayavuta, unayaweka chini yake. Hakuna kuandika zile alama za ajabu nilizokuwa nikifikiria ndizo kompyuta. Ilikuwa ni kupanga tu, kama mtu anayepanga vyombo kwa kabati siku ya wageni. Nikauliza, "Hiyo hoteli iko wapi?"

"Haiko popote, mwaitu. Ni ya mazoezi."

"Na mimi niko. Vijiko viko. Mbona unafanyia hoteli ambayo haiko?"

Ulicheka, ukavuta kiti. Ulidhani nitabonyeza mara mbili nichoke.

Kwa kweli nilitaka kuchoka. Nilichukua picha ya kijiko, ile yenye mpini wa twiga, nikaivuta nikaiweka katikati, na maneno niliyokuwa nimeandika yakapotea. Nikaandika tena. Yakapotea tena. Nikaandika mara nyingine, kwa hasira, herufi kubwa. Ulipokuja na chai ukaniuliza nafanya nini, nikasema hii mashine yako inakula maneno. Ukasogeza twiga kando kidogo, na chini yake maneno yangu yote yalikuwa yamerundikana, yamelala moja juu ya lingine, kama watoto wamejificha kitanda kimoja.

"Hayajaenda popote," ukasema. "Yako nyuma. Kwa hii programu kila kitu iko na mbele na nyuma."

"Na ningejuaje yako nyuma?"

"Ungesogeza kitu, mwaitu. Ungeangalia."

Siku hiyo sikulala vizuri, na haikuwa kwa sababu ya twiga. Nilikuwa nawaza ni mara ngapi nimeandika kitu kimoja mara nyingi kwa hasira kwa sababu sikuweza kusogeza kitu kidogo nikaangalia. Sikupata hesabu, na sitaki kuitafuta leo.

Sasa nikuambie kitu hujui. Kilichonishinda zaidi haikuwa kupotea kwa maneno. Ilikuwa ni kurudisha. Ulinionyesha vile vitufe viwili vinavyobonyezwa pamoja, na kitu ulichoharibu kinarudi kama kilivyokuwa. Ulinionyesha haraka, kama mtu anayeonyesha mwingine mahali pa choo, ukaendelea na mengine. Mimi nilibaki hapo.

Mutheu, wewe unajua mikono yangu inafanya nini kila siku. Tangu nikiwa na mimba yako nimeketi kwa lile gunia kwa banda la Mutisya nikipiga msasa. Yeye anachonga, sisi wanawake tunalainisha, tunapaka rangi ya viatu, tunang'arisha na kitambaa. Kwa msasa hakuna kurudi. Ukipitisha mahali umepitisha. Ukizidisha kidogo kwa shingo ya twiga, twiga anabaki na shingo ya mgonjwa, na Mutisya atakitazama kile kijiko, akutazame wewe, akiweke kando bila neno. Miaka yote hiyo mikono yangu imejifunza kuogopa kabla ya kugusa. Hapo nikakaa mbele ya kitu kinachosamehe. Sikukiamini. Siku ya kwanza nilikuwa nasogeza picha kidogo tu, nusu ya ukucha, halafu naangalia mlangoni kama mtu ameniona.

Halafu nikaamini, na hapo nikaharibika. Mchana mmoja ulipokuwa umeenda mtoni nilifuta ukurasa wote. Wote, ukawa mweupe. Nikabonyeza, ukarudi. Nikafuta tena. Nikarudisha tena. Mutisya alinipata hivyo, alikuwa amekuja kuuliza mbona sijamaliza kazi yake.

"Unafanya nini hapo, Ndunge?"

"Naharibu."

"Naona. Na vijiko vyangu?"

"Hivyo siwezi kuharibu. Hivyo havirudi."

Alisimama akiniangalia nikifuta na kurudisha. Mwisho akavuta kiti akasema nimwachie ajaribu, na mzee mzima wa kanisa akafuta ukurasa, akarudisha, akacheka peke yake. Vijiko vyake vilikaa hapo vikingojea siku hiyo.

Nisimame kidogo, nasikia sufuria.

Nimerudi. Nimeongeza maji. Zipu yako bado inakushinda, naisikia, na nimejizuia kuja kukusaidia. Huku kujizuia kwangu ni kupya, sijakuzoea, kunaniwasha mwilini.

Nikiwa nafikiri nimejua, nikakosea la simu. Nilikuwa nimepanga kila kitu kikakaa sawa: twiga kushoto, maneno kulia, vijiko chini vikiwa vimepangwa kwa mstari. Ulichukua simu yako ukafungua ule ukurasa ukanipa. Nilitaka kulia. Twiga alikuwa amelalia maneno, vijiko vimebanana kama kuni, nambari yangu imekatika nusu. Nikasema simu yako ni mbaya. Ukasema, "Simu ni ile ile ya kila mtu. Wewe ulipanga ya mtu ameketi hapa umeketi, mwaitu. Watu watakuona na simu." Tukaanza kupanga upya, upande wa simu. Hilo nalo liliniuma kwa njia ambayo hukujua, kwa sababu mimi nimekulea hivyo pia. Nimekupangia maisha yakapendeza kutoka hapa nilipoketi. Chuo cha ualimu, karibu, Machakos, ungekuwa unakuja wikendi. Wewe ukayafungua kwa simu yako mwenyewe, ukaona umeme, ukaona Eldoret. Nilinuna mwezi mzima. Unajua nilivyonuna. Sasa nimeacha, karibu.

Tuje kwa lile lenyewe, kwa sababu ndilo limeleta kufuli.

Siku ulipoenda Machakos kuchukua kitambulisho, ukurasa ulikuwa uko tayari, ila ulikuwa umesema tungoje, kuna mambo ya kurekebisha. Mimi sikungoja. Niliandika maneno ya mwisho mwenyewe, nikabonyeza kile kitufe cha kijani cha kuuweka hewani. Nilikuwa na furaha. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha ya namna hiyo, ya kitu ambacho nimekifanya na hakuna mtu alinishika mkono.

Na unajua shida yetu sisi Wakamba na zile herufi mbili. Kikamba chetu hakina ile nyingine, kwa hivyo ulimi wetu unaweka l mahali popote. Shuleni mwalimu wetu wa Kiswahili alichoka na sisi, akatuambia mtu akiwa na shaka aweke r. Nilitoka shule kidato cha pili, mengi nimesahau, lakini hilo sikusahau. Niliandika "Karibuni" vizuri, hiyo iko kwa kila duka. Nikafika kwa vijiko nikawa na shaka. Nikaona hii ya l ndiyo ya nyumbani, ya kienyeji, kwa hivyo ya vitabuni lazima ni ile nyingine. Nikaandika kwa herufi kubwa juu ya kichwa cha twiga: VIJIKO VYA KURA.

Nikausoma mara nyingi. Ulinipendeza kila mara.

Kesho yake, kabla hujarudi, mtu akapiga simu. Sauti ya mtu mkubwa, anaongea pole pole. Alisema anatoka upande wa Kathiani na ameona ukurasa wetu.

"Nyinyi ndio mnachonga vijiko vya kura?"

Nikasema ndio, ni sisi.

"Ni vya kura kweli?"

"Ni vya kura, baba. Watu wengi wanachukua vya saladi, lakini hata wali, hata muthokoi, vinafaa."

Akanyamaza. Nikafikiri bando imeisha.

"Mama, saladi na kura zinakutana wapi?"

"Kwa meza," nikasema.

Alicheka sana. Nilidhani amefikiria wageni wake kwa meza akafurahi, nikacheka na mimi. Akasema mama, wewe ni mwanasiasa. Nikasema hapana, mimi napiga msasa. Hapo ndipo akasema anafanyia kazi mtu anayetafuta kiti cha wadi, uchaguzi unakaribia, wamechoka kugawa kofia na leso, na alipoona kuna watu wamefikiria vijiko akasema hao wana akili. Mheshimiwa wao anatumia alama ya kobe. Tunaweza kuchonga mpini wa kobe?

Mutheu, mimi hata hapo sikuwa nimeelewa kosa liko wapi. Nilielewa kobe tu. Nikakimbia kwa Mutisya.

"Kobe?" akasema. "Nimechonga twiga maisha yangu yote. Twiga ni mpini tayari, Mungu alimfanya mpini. Kobe nitamshika wapi?"

"Shingo. Akitoa shingo."

"Kobe akiona watu anaingiza shingo."

"Huyu anaomba kura. Hawezi kuingiza."

Alichukua kipande cha mti, akakigeuza. Jioni hiyo alikuwa na kobe wa kwanza, ametoa shingo ndefu na uso wa mtu anayetaka kitu. Ndio hawa wamejaa hapa sebuleni, umewaruka wiki hii yote ukipita. Yule mtu alikuja mwenyewe, akawaona, akasema wafanywe wengi.

Lakini wewe ulirudi kutoka Machakos na uso mwingine. Nilikuwa nimekusubiri nikuambie habari ya kobe. Ulisimama mlangoni na simu mkononi. Mwanzo ulicheka, sitasema hukucheka. Ulicheka mpaka ukaketi. Ukanifafanulia, hii ni ya kupiga kura, na hii ni ya kutia chakula mdomoni, na mimi nikacheka na wewe, nikajua kwa nini yule baba alisema nina siasa. Halafu ukaacha kucheka na mimi nikaendelea peke yangu. Ukanionyesha. Wale mliosoma nao Masii walikuwa wameupiga picha ukurasa wetu wakautuma kwa kundi lenu, na mmoja ameandika chini yake, "Mutheu, mama yako anagombea?" Na mwingine, "Mpeni mwiko achape wapinzani."

Mimi niliona ni maneno ya kuchekesha. Hilo la mwiko ni zuri, bado nalicheka nikiwa kwa gunia. Wewe ulikuwa umeinamisha kichwa.

"Ulikuwa ungoje, mwaitu. Nilikuambia ungoje."

"Lakini kobe..."

"Watu wanacheka."

Ukaketi ukarekebisha neno. Ukarekebisha na mengine ambayo sikujua ni makosa. Tangu siku hiyo kila nikiketi hapo, umekuja nyuma yangu. Na leo, siku ya mwisho, kufuli.

Sikulaumu. Ngoja niandike tena, ulione vizuri: sikulaumu. Hizo kufuli nazijua, kwa sababu mimi ndiye niliyekufundisha kuziweka.

Ulikuwa na miaka kama saba. Ulikuja pale bandani ukaketi kando yangu kwa gunia, ukachukua kipande cha msasa na twiga mmoja, ukaanza. Ulikuwa umetoa ulimi kidogo pembeni, vile unafanya hata sasa ukifikiri. Nilipogeuka twiga hakuwa na sikio. Ulikuwa umelipangusa lote ukilifanya laini. Ulinionyesha, ukasema, "Ona, haina mikwaruzo." Na haikuwa nayo kweli. Mimi nikakunyang'anya. Sikukuchapa, sikukufokea, nilikunyang'anya tu na kusema hizi mikono ni za kalamu, kaa hapo usiguse. Na sikukurudishia tena. Mpaka leo wewe, mtoto wa Wamunyu, hujui kupiga msasa. Nilisema ni kwa sababu nakutakia mema, na ilikuwa kweli. Lakini nikiangalia vizuri, ilikuwa pia kwamba sikutaka Mutisya aone twiga asiye na sikio akajua ni wa mtoto wangu.

Na mimi nami nilifanyiwa. Nilipotoka shule na tumbo lako, mama yangu hakunifukuza kama wengine walivyofukuzwa. Alinipokea, akanipa uji, akanipeleka kwa gunia, na tangu hapo aliamua kila kitu changu kwa upole. Nikitaka kurudi shule, alisema tulia kwanza. Nikitaka kwenda kuuza vinyago Mtwapa na wengine, alisema tulia kwanza. Sauti nzuri, mkono begani. Alikuwa ananipenda mpaka hakuna kitu changu kilisonga. Alipopumzika nilikuwa mtu mzima, na bado nilikuwa naangalia mlangoni kabla ya kugusa.

Kwa hivyo leo ulipopita na hicho kipanya, tik, tik, niliona wanawake watatu wameketi hapo kwa kiti kimoja. Ndio maana sikusema kitu.

Nikuambie na jambo lingine, ingawa linanitia aibu. Ulipoingia chumbani, kabla sijachukua karatasi, nilijaribu. Nilibonyeza kikufuli cha twiga, na kikafunguka. Hakuna ufunguo, hakuna neno, unabonyeza mara moja kinafunguka. Kumbe ni kufuli ya kumkumbusha mtu tu, haimzuii. Nilimsogeza twiga kidogo, akasonga. Nikamrudisha mahali pake nikafunga tena, kwa sababu niliona ni kama naiba ukurasa wangu mwenyewe. Nikajua kitu ninachotaka hakiko kwa kitufe.

Lakini kuna ile nyingine ambayo siwezi kuifungua hata nikitaka. Kila nikizima hii kompyuta na kuiwasha, ile programu inataka nambari, na nambari inakuja kwa simu yako. Umesema nikitaka nikupigie. Basi kesho kutwa wewe uko darasani mbele ya waya, na mama yako anapiga simu kuomba nambari kama mtoto anayeinua kidole aende choo. Nitapiga mara ya kwanza. Mara ya pili nitajiambia sitaki kukusumbua. Mara ya tatu sitapiga, najijua. Kompyuta itafunikwa na kitambaa kile cha maua, tutaweka redio juu yake, na ukija Desemba utaukuta ukurasa vile ulivyouacha, hakuna kitu kimesonga, na utafikiri ni vizuri.

Hiyo ndiyo sitaki. Ndiyo sababu siketi nikatulia.

Nataka kukosea nikiwa peke yangu. Nimelisema. Nitaandika neno lingine vibaya, hakika. Nitaweka kobe juu ya nambari ya simu. Watu wa kundi lenu watapiga picha watume, na utaona aibu ukiwa mbali huko ambapo siwezi kukuangalia uso. Naomba uikubali hiyo aibu kidogo, mwaitu, kwa ajili yangu, vile mimi nimekubali hofu ya umeme kwa ajili yako. Unafikiri siogopi umeme? Mimi huchomoa redio mvua ikianza. Lakini sijaficha sanduku lako. Nilifikiria, nisiseme uongo, lakini sijalificha.

Na huko kwa waya, watakuja wa kukuambia kaa hapo usiguse. Wengine watakuwa wabaya, hao utawajua haraka. Wengine watakuwa wazuri sana, watakuwa wanakupenda, watakufanyia kazi yako yote ili usikosee, na utarudi nyumbani na cheti na mikono ambayo haijui kitu. Sijui nikuambie uwafanyeje. Mimi mwenyewe nimejua jana juzi, na bado sijui vizuri. Labda uulize tu ni nini kinafanyika ukigusa, halafu usimame hapo mpaka wakuonyeshe. Wakikuonyesha cha kuua, usiguse. Wakikosa cha kuonyesha, gusa.

Naona nimeanza kuhubiri, na nilisema sitahubiri. Zipu imenyamaza. Sijui kama umefaulu au umekata tamaa. Nasikia unabonyezabonyeza simu yako.

Nilikuwa naandika kwamba nikikupa hii barua asubuhi usiisome mbele yangu. Isome ukifika. Kama utaona nina haki, basi unaweza kunitafutia njia ya ile nambari, hata polepole, hata mwezi ujao, mimi nitangoja, ingawa kungoja ndio kazi inanishinda kuliko zote siku hizi. Na kama utaona sina haki, niambie hivyo, usiniambie sawa, mwa

Nimeandika vibaya hapo, kalamu imeruka. Simu yangu imelia kwa kabati ikanishtua. Si mtu anapiga, ni ujumbe, tarakimu tupu na jina la ile programu. Na wewe umeanza kuniita kutoka chumbani, "Mwaitu, nisomee hiyo nambari imeingia." Nambari gani, nami sijaomba nambari. Unaita tena, unasema nifanye haraka, ikikaa inaisha tuanze upya, na mimi nimesimama hapa na kalamu bado nashangaa kwa nini wameileta kwa simu yangu badala ya yako.